Fundi alipouliza urefu wa ubao

Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya ukingo wetu, drili mkononi, ndoo ya vinundu vya chuma ubavuni. Alichora mstari wa chaki juu ya granaiti, akautazama, akaufuta kwa kiganja, akachora mwingine. Sisi tulisimama hatua chache kutoka pale, mbao zetu za skeiti kwapani. Tulijua anachofanya: vinundu vile vikishakaa juu ya ukingo, ubao hauwezi tena kuteleza juu yake. Na tulijua hatuna la kumfanya.

"Shikamoo mzee," akasema mdogo wetu kuliko wote, kijana ambaye sauti yake ndiyo kwanza inavunjika.

"Marahaba. Hebu niambie mwanangu, hizo mbao zenu zina urefu gani?"

Hakuna aliyejibu mara moja. Ilikuwa wazi kilichotokea: aliyemtuma alimpa ndoo, drili na jina la jengo, basi. Hakumwambia vinundu viachane kiasi gani. Na yeye, kwa kuwa ni fundi hasa, hakutaka kutoboa jiwe la watu kwa kubahatisha.

Kijana angeweza kudanganya. Angesema mita moja na nusu, fundi angetoboa kwa mita moja na nusu, nasi tungebaki na vipande vya kutosha kuteleza kati ya kinundu na kinundu hadi mwenye jengo azinduke. Badala yake aliulaza ubao wake juu ya jiwe.

"Sentimita 80 hivi. Lakini mzee, ukiacha 80 anayejua ataingia katikati. Weka 60. Na usianzie hapa, anzia kule mwisho, maana wote tunaingilia upande ule."

Fundi akavuta futi, akapima, akatia chaki. "Asante mwanangu. Ningekuja kutoboa mara ya pili."

Drili ikaanza kulia.

Tulipoondoka hakuna aliyemsemesha yule kijana kwa muda mrefu. Kisha mmoja wetu akamwambia, nusu utani, nusu kweli: "Umetuuza." Naye akajibu neno moja tu.

"Ameniuliza."

Jibu hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Nimeiandika makala hii ndani ya akili yangu mara nyingi, kila mara nikiwa na hasira na mtu tofauti.

## Alichokijua

Nilianza na hasira kwa kijana. Ilidumu hadi nilipolirudia jibu lake polepole na kuona limebeba nini.

Gurudumu la ubao wa mtaani lina kipenyo cha milimita 50 hadi 54, na ni gumu. Kokoto ndogo kuliko punje ya mahindi inatosha kulikamata: ubao unasimama, mwenyewe unaendelea na safari. Ndiyo maana mskeiti anatembea akitazama chini. Anajua ufa uko wapi kati ya kigae na kigae. Anajua sakafu inainamia upande gani, kwa sababu maji ya mvua yanahitaji pa kwenda na mjenzi aliyatengea mteremko ambao jicho la kawaida halioni, lakini goti linauhisi.

Kisha kuna ukingo wenyewe. Granaiti mpya haikubali. Traki, yaani vyuma vya alumini vinavyoshika magurudumu chini ya ubao, zikiigusa zinakwama, nawe unatupwa mbele. Basi mtu anapaka nta ya mshumaa, anajaribu, anaanguka, anapaka tena. Anakuja mwingine kesho yake. Baada ya muda pembe inakuwa nyeusi na laini, na ukingo uliokuwa unauma sasa unaimba. Hakuna anayejua nani aliumaliza. Ni kazi ya watu wengi ambao pengine hawajawahi kukutana.

Sasa sikilizeni ile "weka 60". Kinachokaa juu ya ukingo mtu anapoteleza ubao ukiufuata ukingo ni traki mbili, na umbali kati yake ni kama sentimita 36. Kwa hiyo anayejua hahitaji nafasi yenye urefu wote wa ubao wake. Kwenye 80 atajitupa katikati, atateleza kidogo, atatoka kabla ya kinundu cha pili. Kwenye 60 inawezekana bado, ila hailipi. Hakuna atakayehatarisha meno kwa kuteleza nusu sekunde. Kijana alikuwa amepiga hesabu hiyo papo hapo, bila karatasi.

Na ile "anzia kule mwisho"? Upande wa huku kuna kifuniko cha mtaro sehemu ambayo ungehitaji kupigia mkia, ncha ya nyuma ya ubao. Ili kuruka oli unagonga mkia chini kwa mguu wa nyuma, ubao unadunda, mguu wa mbele unakwangua msasa uliobandikwa juu yake kuelekea pua, ncha ya mbele, ili ubao ulale sawa hewani. Ukigonga mkia kwenye kifuniko kinachocheza, nguvu yote inamezwa na lile bati. Wote tunaingilia upande ule kwa sababu hiyo, na sikumbuki siku ambayo mtu alimweleza mwenzake. Kila mmoja aligundua kwa kuanguka.

Miezi ya uchunguzi, imetolewa bure, kwa sentensi tatu.

Mwenye jengo hakujua lolote kati ya hayo kuhusu jiwe alilolilipia mwenyewe. Nadhani aliyelichora pia hakujua.

## Tulifika mtaani kwa kufungiwa mlango

Hapa lazima nitoke kidogo, kwa sababu baadhi ya wenzangu walilichukulia tukio lile kama vita vya zamani kati ya mtaa na wenye mali, na katika hadithi hiyo mtaa ndio nyumbani kwetu tangu mwanzo.

Haikuwa hivyo.

Mchezo ulianzia California, kwa watu wa mawimbi ya bahari, kwenye magurudumu ya udongo; habari hizo naziruka. Kilichobadilisha mambo ni gurudumu la yurethani, aina ya plastiki, ambalo Frank Nasworthy alilileta kwenye mbao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Gurudumu likaanza kushika ardhi. Ukaja ukame wa 1976 na 1977, mabwawa ya kuogelea ya California yakakauka, na vijana wakaingia humo na kugundua kwamba ukuta uliopinda unaweza kupandwa. Wafanyabiashara wakaona fedha. Viwanja vya kulipia vikajengwa kila mahali, mabakuli ya zege yaliyonakshiwa kwa ustadi.

Halafu bima ikapanda. Watu walikuwa wanavunjika mikono, wanasheria walikuwa macho, na kuingia miaka ya 1980 viwanja vingi vilikuwa vimefungwa, vingine vimebomolewa kabisa. Waliobaki na mbao zao waligawanyika: wenye uwanja nyuma ya nyumba wakajenga rampu za mbao, wasio nao wakabaki na barabara.

Barabara isingefaa kitu kama si oli. Alan Gelfand, kijana wa Florida, alikuwa amegundua mwishoni mwa miaka ya 1970 namna ya kuruka na ubao ndani ya bakuli bila kuushika kwa mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Rodney Mullen akaihamishia kwenye ardhi tambarare. Kutoka siku hiyo, kitu chochote kisichozidi uwezo wa kuruka wako kikawa kinapandika. Benchi, ngazi, sanduku la maua, reli ya kushikia.

Yaani mtaa haukuchaguliwa. Tulifungiwa mlango, tukakaa kibarazani, na baada ya miaka kumi tukaanza kusema kibaraza ndicho nyumba.

Sisemi hivyo kukebehi. Kibaraza kilitoa mambo ambayo nyumba isingetoa. Pale Barcelona, mbele ya jumba la sanaa la MACBA alilolichora Richard Meier na kufunguliwa 1995, kuna uwanja ambao umevuta waskeiti wa dunia nzima kuliko viwanja vingi vilivyojengwa kwa ajili yao. Kilichohitajika ni sakafu laini na kingo ndefu, na vyote viliwekwa hapo kwa sababu nyingine.

## Niliposimama upande wa mwenye jiwe

Hasira yangu ya pili ilikuwa kwa mwenye jengo, na hiyo ilikuwa tamu zaidi. Lakini nilijaribu kusimama upande wake kidogo, nione kukoje.

Pembe za granaiti zinamegeka kweli. Nta inashika vumbi na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni. Mlio wa mkia ukipigwa chini ni mkali, wa ghafla, na unarudiwa kwa sababu trick, yaani mbinu ya ubao, haitoki mara ya kwanza, wala ya kumi. Ukiwa ndani ya ofisi hujui kwamba mtu yule anakaribia kuipata. Unasikia kishindo tu. Na kuna mama mtu mzima anayepita na mzigo wake ambaye hajui kama ubao uliotoroka utampata kwenye kifundo cha mguu. Mimi nimewahi kuuona ubao uliotoroka ukikata barabara nzima. Hofu yake si ya kijinga.

Sasa, kuna njia za kujibu hofu. Norway ilichagua iliyo nyoofu kuliko zote: kutoka 1978 hadi 1989 ubao wa skeiti ulipigwa marufuku nchini humo, kuuza, kuingiza, kutumia. Sababu ilikuwa majeraha. Vijana wakaziingiza mbao kimya kimya na kujenga rampu zilizofichwa porini. Fikirieni mtu mzima wa Norway leo anayeweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba utoto wake ulikuwa wa magendo ya vipande vya mbao vyenye magurudumu.

Lakini marufuku ya Norway ilikuwa na adabu moja ambayo vinundu havina. Ilisema. Iliandikwa, ilikuwa na tarehe, watu waliweza kuipinga bungeni na magazetini, na mwishowe ikafutwa. Kinundu hakisemi. Kimekaa tu juu ya benchi, kinang'aa, na mpita njia anadhani ni pambo. Ukitaka kukipinga utampinga nani? Hakuna kifungu cha sheria, hakuna aliyetia saini. Kuna fundi na ndoo.

Tena kinamwadhibu kila mtu. Anayetaka kuketi anaketi akichagua pa kuweka makalio, na anayetaka kujinyoosha hawezi kabisa. Mara nyingine nafikiri hilo la pili ndilo lililokusudiwa, na sisi ni kisingizio.

Kisa ninachokipenda kuhusu haya ni cha Philadelphia. Mji huo ulikuwa na uwanja ulioitwa Love Park, uliofunguliwa 1965, wenye granaiti, kingo na ngazi kana kwamba mskeiti ndiye aliyeomba. Ulitokea kuwa moja ya mahali maarufu kuliko pote katika mchezo huu. Mji ukapiga marufuku kuskeiti pale, na wakati huohuo, mwaka 2001 na 2002, ukayakaribisha mashindano ya X Games, ambayo skeiti ni mojawapo ya michezo yake, yenye matangazo na mabango. Edmund Bacon, mpangaji mji ambaye wazo la uwanja ule alilianza akiwa mwanafunzi katika miaka ya 1930, alikuwa hai bado. Mwaka 2002, akiwa na miaka 92, alikwenda pale mbele ya kamera, akapanda juu ya ubao, akavunja sheria ya mji aliouhudumia maisha yake yote.

Hakutaka uwanja wake utumike kama alivyopanga yeye tu. Mpangaji wa namna hiyo ni adimu. Uwanja wenyewe ulibomolewa 2016 na kujengwa upya kwa sura nyingine, ila meya aliwaruhusu waskeiti siku chache za mwisho, na watu walikuja hata katika baridi ile ya Februari.

## Ndani ya uzio

Baada ya vinundu, tulianza kwenda skeitipaki, uwanja wenye uzio uliojengwa kwa ajili ya skeiti. Mimi nilikwenda kwa shingo upande.

Mnajua tunavyoongea kuhusu skeitipaki tukiwa mtaani. Kila kitu kimepimwa, kila pembe imekingwa kwa chuma, reli haina kutu, hakuna mlinzi wa kumkimbia, hakuna kitu cha kusoma. Umeletewa jibu kabla ya swali. Ukipata trick pale, mtu anakuuliza, "Na mtaani?" Nilikuwa na msimamo huo na nilikuwa na hoja zake tayari.

Kuna dada mmoja tulimkuta pale, anaskeiti vizuri kuliko wengi wetu, miguu myepesi, hapigi kelele. Nilimuuliza kwa nini hajawahi kuja mtaani na sisi. Alinitazama kama mtu anayeamua kama atachoka bure au la.

"Kaka, nyie huko mnafukuzwa na mlinzi mmoja. Mimi nafukuzwa na kila anayepita."

Akaeleza kidogo. Mtaani, akianguka, kuna wa kucheka, kuna wa kumwambia akae vizuri, kuna wa kutoa simu na kurekodi, kuna anayetaka kumfundisha kitu ambacho yeye amekiweza zamani. Na kuanguka ndiyo kazi yenyewe. Mtu hawezi kujifunza huku kila anguko linageuzwa mkutano wa hadhara. Ndani ya uzio anaanguka kama mwingine yeyote.

Hapo hoja zangu zilipoteza miguu. Ule uhuru wa mtaa nilioupigia debe ulikuwa na sharti ambalo mimi sikuwahi kuliona kwa sababu nililitimiza bila jitihada: uwe mtu ambaye akisimama mahali bila kazi, kosa lake ni kusimama tu.

Nikakumbuka Kabul, Afghanistan. Oliver Percovich, Mwaustralia, alianza Skateistan, mradi wa kuwafundisha watoto skeiti, huko mwaka 2007 na mbao chache. Wasichana wa pale hawakuruhusiwa kuendesha baiskeli. Jamii ilikuwa imeshaamua hilo. Ubao ulikuwa mgeni mno kiasi kwamba hakuna aliyekuwa ameupangia katazo. Waliingia kupitia upenyo huo, wakiwa ndani ya jengo, pamoja na madarasa, na kabla ya Taliban kurudi madarakani 2021 wasichana walikuwa sehemu kubwa ya wanafunzi. Kuta zilizowakinga na macho ya watu ndizo zilizowapa nafasi. Mtu aende akawaambie hao kwamba skeiti ya kweli ni ya mtaani.

Ila sijahama moja kwa moja. Uzio unaofungwa saa kumi na mbili jioni bado ni uzio, na viwanja vingi huchorwa na watu ambao hawajawahi kuanguka: rampu inakutana na sakafu kwa kidato, ukingo umewekwa sentimita chache kutoka ukutani, huna pa kutokea. Kinyume chake kuna kiwanja cha Burnside, Portland, Marekani. Mwaka 1990 waskeiti walianza kumwaga zege chini ya daraja bila ruhusa ya mtu, kipande kwa kipande, na baadaye mji ukakubali kubaki nacho. Hakifanani na mchoro wa ofisi yoyote. Kila mkunjo una sababu, na sababu hiyo ni mtu aliyepita pale jana akaona kasi inakufa.

## Kuhusu alama

Niseme neno kuhusu Olimpiki kisha tuendelee, maana nikiliacha mtaniuliza kwenye maoni.

Wengi walihofu kwamba majaji watatukausha. Tokyo, 2021, mwanamke aliyeshinda dhahabu ya skeiti ya mtaani alikuwa Momiji Nishiya wa miaka 13, na aliyemfuata, Rayssa Leal wa Brazil, naye alikuwa na 13. Paris 2024 walishiriki Zheng Haohao wa China mwenye miaka 11 na Andy Macdonald wa Uingereza mwenye 51. Sijui mchezo mwingine wa pale ambao mjukuu na babu wangeweza kuingia bila kuonekana ni mzaha.

Sekunde 45 za kuonyesha kila unachokijua ni jambo geni, na sipendi ninavyowaona baadhi ya watoto wakijifunza trick kwa kupiga hesabu ya alama. Lakini fainali ya Tokyo ya bakuli kwa wanawake ilinitosha. Misugu Okamoto alikuwa ameongoza mchujo. Kwenye mzunguko wake wa mwisho alianguka akijaribu kilichokuwa kigumu, akashika nafasi ya nne, akalia. Wapinzani wake wakamkimbilia na kumnyanyua mabegani. Hakuna kanuni inayotoa alama kwa hilo, na hakuna aliyewafundisha kwa ajili ya kamera. Ni desturi ileile ya kugonga mkia wa ubao chini kumshangilia usiyemjua, kwa sababu umeona alikuwa anajaribu nini.

Kugonga huko ni kwa anayejaribu. Anayefaulu kirahisi hapati.

## Swali lilelile, mdomo mwingine

Hasira ya tatu haikuwa na mwenyewe, nayo ndiyo imebaki.

Yule kijana anaujua ule uwanja kuliko aliyeuchora, aliyeujenga na anayeumiliki. Anajua maji yanasimama wapi, kigae gani kimelegea, saa ngapi watu wanapita na kwa upande gani, wapi mtu mzima angepata kivuli cha kukaa bila kupitiwa na magurudumu. Na katika miaka yote aliyokuwa anakwenda pale, mtu mmoja tu aliwahi kumuuliza swali la heshima kuhusu ujuzi huo. Alikuwa fundi aliyetumwa kumfukuza.

Ndiyo maana alijibu. Sidhani alikuwa mwema kupita kiasi, wala mjinga. Aliulizwa swali la kazi na mtu wa kazi, akalijibu kwa usahihi.

Kuna miji iliyouliza swali hilohilo kwa nia nyingine. Malmö, Sweden, ina sekondari ambayo skeiti imo katika masomo yake, na halmashauri imewahi kuajiri mskeiti kuwa mratibu wa mambo haya, si kama mapambo ya mkutano. Sehemu ya granaiti ya Love Park ilisafirishwa hadi huko ikatumika upya, mawe yenye weusi wa nta ya Philadelphia. London, mwaka 2013, kulikuwa na mpango wa kuweka maduka mahali pa chini ya kituo cha sanaa cha Southbank ambapo watu wameskeiti tangu miaka ya 1970. Waskeiti walikusanya saini, wakabishana kwa lugha ya mipango miji hadi wakasikilizwa, na 2014 ikakubalika pabaki palivyo.

Nimejaribu kuwaza kijana yuleyule akiulizwa na mchoraji kabla ya jiwe kununuliwa. Nadhani ningeweza kuyaandika majibu yake. Ukingo wa kuteleza uwe wa magotini, au chini kidogo, na pembe yake ivishwe chuma tangu mwanzo, isimegeke. Usiwe huohuo unaotegemewa kukaliwa. Viti vya kukaa viwe na mgongo na vigeukie upande mwingine, chini ya miti. Kifuniko cha mtaro kihamishwe mita mbili. Njia ya wapita kwa miguu ikate nyuma ya anayeruka, isikate mbele anapotua. Vigae viwe vikubwa, viungo vyake viwe vyembamba. Hakuna hata kimoja hapo kinachogharimu kuliko ndoo ya chuma kisichoshika kutu na siku nzima ya drili, hasa ukichelewa na kulazimika kutoboa granaiti iliyokwisha kulipiwa.

Niliwasomea wenzangu orodha hiyo. Dada wa skeitipaki aliongeza taa, akasema taa kwanza, mengine baadaye. Kijana alinisahihisha kuhusu kifuniko cha mtaro: mita mbili hazitoshi kwa anayekuja kwa kasi, ziwe tatu na nusu. Nimeambiwa nani wa kumpelekea ofisini, na barua iko tayari isipokuwa hilo la mita, ambalo bado wanabishana.

Rafiki yangu mmoja amekataa kutia saini. Anasema siku tutakayopewa ukingo wenye baraka za ofisi, yeye atahamia ngazi za nyuma ya jengo, kule hakuna aliyemwalika. Sikumbishia. Nimeziona ngazi zile, na reli yake ni nzuri kweli.